Una bastola halali, polisi wamekusimamisha: sheria za Marekani zinasemaje?

Kila inaposambaa video ya polisi wa Marekani amesimama kando ya gari, mkono uko kwenye bastola yake, na dereva anamwambia kwamba naye ana silaha na ana kibali, watazamaji hugawanyika papo hapo. Wengine huuliza: kama ni halali, pingu za nini? Wengine hujibu kwamba mtu anayetembea na bunduki ajue anachokitafuta. Katikati ya mabishano hayo linapotea swali lenyewe, ambalo lina majibu, ingawa hayafanani kutoka jimbo hadi jimbo. Kwa ndugu zetu wanaoishi kule, hasa wanaoendesha malori ya masafa marefu na kuvuka mipaka ya majimbo kila wiki, haya ni mambo ya maisha na kifungo.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kusimamishwa na polisi barabarani ni kuzuiliwa kwa muda. Tangu taa za gari la polisi ziwake nyuma yako hadi uambiwe uende, wewe na abiria wako hamna ruhusa ya kuondoka. Kubeba silaha, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kuwa nayo mwilini au mahali ambapo mkono wako unaifikia. Kuisafirisha ni jambo jingine: imetolewa risasi, imefungiwa, na huwezi kuifikia ukiwa umekaa kwenye kiti. Kibali cha kubeba hutolewa na jimbo, wala si serikali ya shirikisho, baada ya mwombaji kuchunguzwa rekodi zake na mara nyingi kupitia mafunzo. Halafu kuna wajibu wa kutaja, yaani sheria ya jimbo inayoeleza kama ni lazima umwambie polisi kwamba una silaha, na umwambie wakati gani. Huo ndio unaowachanganya watu kuliko yote.

Haki yenyewe ya kumiliki na kubeba silaha inatokana na Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana kama haki hiyo ni ya kila mtu au ni ya wanamgambo wa majimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller iliyotoka Washington, Mahakama ya Juu ilisema ni ya mtu binafsi, ili ajilinde nyumbani kwake. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, ikasema haki hiyo haiishii mlangoni, na kwamba jimbo haliwezi kumtaka raia wa kawaida athibitishe ana sababu ya pekee ndipo aruhusiwe kubeba. Nje ya hapo, nani apewe kibali, silaha ikae wapi ndani ya gari na dereva aseme nini polisi anapokaribia dirishani, ni mambo ambayo majimbo 50 yamejitungia, kila moja kwa namna yake.

Zaidi ya nusu ya majimbo hayo sasa hayadai kibali kabisa kwa mtu mzima ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha. Vermont haijawahi kukidai. Alaska iliacha kukidai mwaka 2003, Arizona mwaka 2010, Texas mwaka 2021. Wengi husikia habari hiyo wakadhani masharti yote yamefutwa. Kilichofutwa ni kadi tu. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai bado amekatazwa, maeneo yaliyokatazwa bado yamekatazwa, na wajibu wa kutaja uko palepale katika majimbo yenye sheria hiyo.

Wajibu huo una sura tatu au nne. Alaska, Michigan na North Carolina zinamtaka anayebeba silaha iliyofichwa aseme mwenyewe mara polisi anapomsimamisha, bila kungoja aulizwe. Arizona haimlazimishi kuanza kusema, ila akiulizwa ni lazima ajibu kweli. Texas inamtaka mwenye kibali, anapobeba silaha na polisi akaomba kitambulisho, akitoe pamoja na kibali hicho. Maine ina utaratibu unaoshangaza wengi: mwenye kibali halazimiki kuanza kusema, lakini anayebeba bila kibali, jambo ambalo jimbo linaruhusu, analazimika kusema mara moja. Majirani wawili wenye bastola za aina moja, kwenye barabara moja, wana wajibu tofauti mbele ya polisi yuleyule.

Na sheria hizi hubadilika. Hadi Juni 2022, dereva wa Ohio mwenye silaha alitakiwa kuitaja haraka bila kuulizwa, na asipoitaja aliweza kufungwa. Tangu wakati huo halazimiki kusema hadi aulizwe. Kwa hiyo dereva aliyejifunza sheria miaka kadhaa iliyopita, au aliyeelezwa na rafiki anayeishi jimbo jingine, anaweza kuwa anafuata kitu ambacho hakipo tena, au ambacho kwake hakikuwahi kuwepo.

Lakini mtu anaweza kutimiza yote hayo na bado asifike nyumbani.

Tarehe 6 Julai 2016, saa tatu usiku, Philando Castile alisimamishwa Falcon Heights, kitongoji cha St. Paul huko Minnesota. Alikuwa na miaka 32, mfanyakazi wa jikoni katika shule ya msingi. Alikuwa na kibali halali. Ndani ya gari alikuwemo mchumba wake, na kiti cha nyuma alikaa mtoto wa mchumba huyo mwenye miaka minne. Askari, Jeronimo Yanez, alimweleza kwamba taa ya breki haiwaki, kisha akaomba leseni na bima. Kamera ya gari la polisi ilirekodi yaliyofuata. Castile alimpa kadi ya bima. Halafu, kwa sauti ya utulivu na heshima, akamwambia kwamba anapaswa kumjulisha kuwa ana silaha. Yanez akamwambia asiishike. Castile akasema haichukui. Mchumba wake naye akasema haichukui. Ndani ya sekunde chache askari alifyatua risasi 7. Maneno ya mwisho ya Castile yalikuwa kwamba hakuwa anaichukua.

Sheria ya Minnesota wakati ule ilimtaka mwenye kibali aseme pale polisi anapomuuliza. Yanez hakuwa amemuuliza. Castile alitaja silaha yake kwa hiari, mapema kuliko sheria ilivyomdai, akiamini kwamba uwazi utamlinda. Mahakamani Yanez alisema alidhani dereva anaishika bastola. Mnamo Juni 2017 baraza la mahakama lilimwona hana hatia, na mji aliokuwa anautumikia ukaachana naye. Mama yake Castile alilipwa karibu dola milioni 3 katika makubaliano ya nje ya mahakama.

Tukio hilo lipimwe kwa makini, maana kosa halikutokana na upungufu wa karatasi. Askari alikuwa ameagiza kitu kimoja, lete leseni, ambacho kinamtaka dereva apeleke mkono mwilini. Neno silaha lilipotajwa, agizo la pili likaja juu ya la kwanza: usiishike. Mkono ukawa na maagizo mawili yanayopingana, na aliyeyatoa hakufuta lolote kati ya hayo mawili. Kibali kilichokuwa na uwezo wa kumtetea mbele ya hakimu hakikuwa na kazi yoyote dirishani, kwa sababu ili akionyeshe ingembidi apeleke mkono kulekule anakoogopwa kuupeleka.

Na rangi ya ngozi haiwezi kuachwa nje ya maelezo haya. Castile alikuwa mtu mweusi aliyekuwa amesimamishwa na polisi zaidi ya mara 40 katika maisha yake ya udereva, karibu zote kwa makosa madogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2020, uliochambua karibu matukio milioni 100 ya kusimamishwa barabarani, ulionyesha kwamba sehemu ya madereva weusi miongoni mwa wanaosimamishwa hupungua giza linapoingia, wakati ambapo ni vigumu kuona sura ya dereva. Anayemwambia dereva mweusi kwamba akifuata sheria hatakuwa na tatizo, anamwambia nusu ya habari.

Polisi anaruhusiwa kufanya nini?

Imani iliyoenea ni kwamba ukishakuwa na kibali polisi hana la kukufanya zaidi ya kukuandikia faini. Si kweli. Mwaka 1977, katika kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms, Mahakama ya Juu iliamua kwamba polisi akishakusimamisha kihalali anaweza kukuagiza ushuke garini, bila kutoa sababu nyingine. Kesi hiyo yenyewe ilianza kwa kibao cha namba za gari kilichopitwa na wakati huko Philadelphia. Dereva aliposhuka, askari aliona uvimbe chini ya koti lake, akampapasa, akakuta bastola yenye risasi. Mwaka 1997 ruhusa hiyo ikaongezwa kwa abiria. Na tangu kesi ya Michigan dhidi ya Long ya mwaka 1983, polisi mwenye shaka yenye msingi kwamba dereva ni hatari na anaweza kufikia silaha, anaweza kukagua sehemu ya gari wanamokaa watu ili kuitafuta silaha hiyo.

Hapo pana fundo ambalo mahakama zenyewe hazijalifungua kwa namna moja. Je, kuwa na silaha tu, ambayo jimbo limekuruhusu, kunatosha kukufanya uonekane hatari? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia Maryland, Virginia, West Virginia na Carolina zote mbili ilisema ndiyo. Katika kesi hiyo kutoka West Virginia, gari lilisimamishwa kwa sababu ya mikanda ya usalama, huku polisi wamepigiwa simu kwamba mtu aliyemo ameonekana akijaza risasi kwenye bastola. Majaji wengi walisema aliyebeba silaha wakati amesimamishwa ni hatari kwa usalama wa askari, iwe kibali anacho au hana, hivyo anaweza kupapaswa. Miaka miwili kabla ya hapo, mahakama ya rufaa inayosimamia Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee ilikuwa imeshughulikia kesi ya mtu wa Toledo aliyekuwa akitembeza mbwa pamoja na familia yake, bastola ikiwa kiunoni waziwazi. Ikasema kwamba pale ambapo sheria inaruhusu kubeba hadharani, kubeba peke yake si sababu ya kumzuia mtu. Kesi hizo si mapacha, maana moja ni ya gari na nyingine ya mtembea kwa miguu, lakini msingi wa fikra unaachana kabisa. Maoni yangu ni kwamba uamuzi wa mwaka 2017 unamweka mtu mahali pagumu mno: jimbo linampa haki, halafu kuitumia haki hiyo kunampunguzia ulinzi mwingine wa Katiba.

Watu wengine hupotoka upande wa pili, wakaamini kwamba kutaja silaha ni sawa na kuruhusu gari lote lipekuliwe. Nayo si kweli. Kukagua usalama kunaishia pale silaha inapoweza kuwa. Polisi hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kusoma simu yako au kufungua mizigo iliyo kwenye buti. Akiomba ridhaa yako ya kupekua, unaweza kukataa kwa maneno ya utulivu, bila kumzuia kwa mkono wala mwili. Pia hawezi kukushikilia bila mwisho. Mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez iliyotoka Nebraska, Mahakama ya Juu ilisema muda wa kukusimamisha unaishia pale kazi ya kosa la barabarani inapokamilika, na dakika saba au nane za ziada kumsubiri mbwa wa kunusa dawa za kulevya zilikuwa nyingi mno kama hakuna shaka nyingine yenye msingi. Katika majimbo mengi, ndani ya muda huo, polisi anaweza kuichukua silaha kwa usalama na kukurudishia mnapoachana, kama hakupata kosa. Wengi huona huo ni unyang'anyi. Kisheria ni hatua ya muda, na pa kuipinga ni kwa malalamiko ya maandishi au mahakamani. Kando ya barabara hakuna jaji.

Mikono kwanza, maneno baadaye

Wakufunzi wa silaha na maofisa wa polisi, kwa kiasi kikubwa, hukubaliana juu ya mwenendo wenyewe. Simama mahali penye nafasi, zima injini, shusha kioo, usiku washa taa ya ndani. Mikono ikae juu ya usukani, vidole vikiwa wazi, kabla askari hajafika dirishani. Usianze kuhangaika na droo ya dashibodi ukitafuta bima akiwa bado anakaribia, kwa sababu kwa aliye nyuma yako ule mwinamo unasomeka kama mtu anayechukua au anayeficha kitu.

Ukitaja, anza na kibali, malizia na swali. "Afande, nina kibali cha kubeba silaha na leo ninayo. Iko kiunoni upande wa kulia. Leseni iko mfuko wa shati. Nifanyeje?" Neno bunduki au bastola likitangulia peke yake, na kelele za magari zilivyo, askari anaweza kusikia hilo tu na akalisikia kama tishio. Mtu aliyebeba sufuria la maji ya moto husema "moto huo!" kabla hajapita kati ya watu, akasubiri wamwachie njia, hasemi huku akiwa tayari anasukuma. Ndivyo inavyotakiwa hapa: sema, kisha usisogeze chochote hadi ujibiwe. Maagizo yakipingana, kama yalivyopingana kwa Castile, njia salama zaidi ni kuacha yote na kueleza: "Umeniomba leseni, nayo iko karibu na silaha. Mikono yangu haisogei hadi uniambie."

Jambo dogo lenye faida kubwa ni kutenganisha karatasi na bastola. Leseni, kibali na bima vikikaa kwenye kikingajua juu ya kioo cha mbele, mkono unapanda juu mbele ya macho ya askari. Vikikaa mfuko wa nyuma ulio chini ya bastola, kila ombi la leseni ni safari ya mkono kuelekea kwenye silaha. Na kwa kuwa katika baadhi ya majimbo polisi akiingiza namba ya gari kwenye kompyuta yake huona kwamba mwenye gari ana kibali, anaweza kuwa anajua kabla hujafungua mdomo. Kukana kwa hofu ni kumpa sababu ya kukushuku.

Wala uzito wote usiwekwe kwa dereva. Ndani ya dakika hiyo, aliyefunzwa, anayelipwa na mwenye mamlaka ni askari. Inashangaza kwamba majimbo yameandika kwa kirefu dereva aseme nini na lini, na mara chache yameandika kwa undani huohuo askari ajibu nini anaposikia.

Ukivuka mpaka wa jimbo

Leseni ya udereva ya Pennsylvania inakubalika New Jersey. Kibali cha silaha cha Pennsylvania hakikubaliki. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alivuka daraja, akasimamishwa kwa kosa la barabarani, akamwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola na ana kibali. Alikamatwa palepale. Alikabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka zaidi ya mitatu, na mwaka 2015 gavana Chris Christie alimsamehe. Majimbo mengi yana makubaliano ya kutambuliana vibali, lakini orodha hizo hubadilika, na New Jersey haikutambua kibali cha jimbo lolote lingine.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inampa msafiri njia moja ya kupita. Anaweza kuipitisha silaha katika jimbo lisiloikubali, iwapo ni halali kwake anakotoka na anakokwenda, na iwapo haina risasi, tena yeye hawezi kuifikia, wala risasi zenyewe. Gari lisilo na buti iliyotengwa lazima silaha iwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki hata kama ina kufuli. Hapo ndipo tofauti ya kubeba na kusafirisha inapokuwa tofauti ya kupita salama na kulala rumande. Anayelala hotelini na kukaa siku mbili katika jimbo la katikati asitegemee ulinzi huo.

Na kwa wageni kuna ukuta mwingine ulio kabla ya yote haya. Mwenye grinikadi anaweza kumiliki silaha kwa masharti yanayokaribiana na ya raia. Lakini aliye na viza ya muda, ya masomo, ya matembezi au ya kazi, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache, maarufu zaidi ikiwa leseni halali ya uwindaji. Haijalishi kama jimbo analoishi halidai kibali. Haijalishi kama bastola ni ya rafiki na yeye anashika usukani tu, ikiwa anajua ipo na anaweza kuifikia. Adhabu inaweza kufika miaka 15 gerezani, na baada ya hapo kufukuzwa nchini. Aliye katika hali hiyo akisimamishwa na kuulizwa kama ndani ya gari mna silaha, asidanganye, kwa sababu uongo ni kesi ya pili. Anayo haki ya kusema kwamba angependa kunyamaza na kuzungumza na wakili, na aitumie haki hiyo huku mikono ikiwa juu ya usukani.